Bonde la Kucha Kumi

4 Februari

Baba,

Shikamoo.

Najua umeutambua mwandiko huu kabla hujafungua bahasha, na najua uliiweka mezani kwanza, ukanywa chai yako yote, ndipo ukatafuta kisu. Kama umeifungua, nashukuru. Miaka mitatu simu zangu hukuzipokea, nami sikulaumu. Lakini sijawahi kukuona ukitupa barua, hata zile zilizokosewa anwani.

Sikuandikii kuomba msamaha leo, wala kitu cha mkononi. Naomba ujuzi. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia kuuliza si ujinga.

Kazi yangu ya sasa ni michoro. Ni midogo sana, Baba, midogo kuliko stempu ya bahasha hii. Mistari yake ni myeusi na myembamba kama unywele, na haichorwi kwa mkono: inapigwa chapa mara moja juu ya kitu kigumu kinachong'aa. Hadi hapo sina shida. Shida ni rangi. Mteja anataka ua liwe jekundu na jani liwe kijani, na nikigusa tu kwa brashi yenye rangi, mstari mweusi unalia. Unachuruzika ndani ya wekundu, na ua zima linakuwa kama jicho lililopigwa ngumi. Nimejaribu kusubiri. Nimejaribu brashi ya nywele tatu. Nimejaribu hata kubana pumzi. Mwenye mahali hapa anasema niache nyeusi juu ya nyeupe, watu wataridhika.

Mimi siridhiki. Nakumbuka nikiwa mdogo umenikalisha kwenye kile kiti kirefu cha ofisi yenu ya ramani, unapaka misitu na maziwa, na hakuna mstari wako hata mmoja uliowahi kulia. Ulifanyaje?

Msalimie Mama. Mwambie kikohozi kimepona.

Mwanao,
Wino


15 Februari

Wino,

Marahaba.

Barua ilifika Jumanne. Chai niliimaliza, ndiyo.

Hujasema unachorea juu ya nini. Hujasema skeli. Hujasema ofisi ni ya nani. Basi nitakujibu kama mtu anayejibu hodi bila kufungua mlango.

Mstari unalia kwa sababu unaupaka rangi usoni. Rangi ina maji yake, na maji huamsha wino uliokwisha kulala. Sisi hatukupaka usoni hata siku moja. Karatasi zetu zilikuwa angavu, mwanga unapita. Mistari tuliichora upande wa mbele, tukaiacha ikauke, kisha tukageuza karatasi na kupaka rangi kwa nyuma. Mtazamaji huona mstari na rangi pamoja, wala hajui kwamba havijawahi kugusana.

Ukipaka kwa nyuma huna haja ya woga. Rangi ikivuka mpaka kidogo, mstari ulioko mbele utaificha. Ila ujihadhari na jambo moja: ukigeuza karatasi, dunia nzima imegeuka. Kushoto ni kulia. Mto utauona unarudi mlimani. Wageni wote wa kazi waliharibu hapo, kwa sababu walipaka wanachokijua badala ya wanachokiona. Usibishane na mto. Paka ulipo.

Siku uliyofunga sanduku ukaacha chuo cha upimaji, nilikuambia mtoto akililia wembe mpe. Nilisema kwa hasira. Kama umerudi kwenye karatasi, mimi sina la kuongeza.

Wastaafu wenzangu tunaokutana Alhamisi waliuliza habari zako. Nimewaambia unachora.

Baba yako


27 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo tena, na tena.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika pale penye "kwa nyuma" ikabidi nikae.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana sijui nimweleze nani mwingine atakayeelewa. Nina bamba la chuma lenye mchoro uliochimbwa. Nalipaka rangi nyeusi, nalikwangua kwa kadi, na rangi inabaki ndani ya vifereji tu. Kisha nabonyeza muhuri wa mpira laini, mwangavu kama maji, nao unaondoka na mchoro. Siku zote niliuona muhuri kama mchukuzi tu. Nilikuwa nikiukimbiza mchoro ufike mahali pake kabla haujakauka. Kumbe pale juu ya mpira mchoro unakuwa umelala kifudifudi, na mgongo wake ndio unaonitazama mimi! Miaka mitatu nimekuwa nikiuona mgongo huo kila siku, Baba, na sikujua ni mgongo.

Asubuhi ile nilichukua ndege mwenye mkia mrefu. Sikukimbia. Nilimwacha akauke pale pale kwenye muhuri, kisha nikapaka: kifua chekundu, mkia wa kijani, njano kidogo kwenye mdomo. Ilikuwa fujo kuitazama. Wekundu umevuka mpaka, njano imepanda juu ya kijani. Mwenye mahali hapa alipita akasema, "Umemchinja huyo." Nikaongeza tabaka jembamba lisilo na rangi ili vishikane, nikasubiri, nikabonyeza mahali pake, nikahesabu hadi kumi, nikainua.

Ndege alikuwa mzima. Kila unyoya una mstari wake, mweusi, mkavu, hauna hata chozi, na rangi zimejipanga nyuma yake kwa adabu kama watoto nyuma ya mama yao. Ile fujo yote imekwenda chini mahali pasipoonekana. Mwenye mahali hapa aliweka kikombe chini. Mimi mikono yangu ilikuwa imepoa kabisa, kama nimeshika kitu ambacho si changu.

Na sasa siwezi tena kukuficha, maana kukudanganya baada ya kuona nilichokiona itakuwa dhambi mara mbili. Ndege yule alikuwa juu ya ukucha. Kitu kigumu kinachong'aa ni kucha za wanawake, zimepakwa jeli na kukaushwa kwa taa. Sikurudi kwenye karatasi, Baba. Niko kwenye saluni ile ile niliyoiendea nilipoacha chuo, ile uliyosema hutaki kuisikia.

Lakini ulichonifundisha kimefanya kazi. Nilitaka ujue hilo hata kama hutaandika tena.

Wino wako


22 Machi

Mwanangu Wino,

Ni mimi mama yako, na ukiona mwandiko umepinda ujue naandikia jikoni huku nachungulia mlango.

Baba yako hajajibu na mimi najua kwa nini, kwa hiyo usikonde bure. Alikuwa amewatangazia wale wazee wake wa Alhamisi kwamba binti karudi kwenye ramani. Alivaa na shati la kola siku hiyo! Barua yako ya pili ilipokuja aliisoma, akaikunja, akaenda kukata majani ya uani ambayo aliyakata juzi yake. Alhamisi mbili hajaenda. Anasema goti.

Goti gani? Mtu mwenye goti hapandi juu ya kiti kutafuta lensi yake ya kazini iliyo juu ya kabati. Juzi nimemkuta dirishani anatazama ukucha wake wa gumba kwa lensi hiyo, karibu na mwanga, anaupima kwa rula. Akaniuliza, "Ukucha una mteremko, sivyo? Hauko bapa." Nikamwambia, "Mume wangu, una miaka sabini, ndiyo kwanza unauona ukucha?" Akageuza gumba upande. Kisha akasema, "Atawezaje kulaza mchoro bapa juu ya mteremko bila kukunjamana?"

Mimi najuaje? Mwulize mwenyewe, au mwandikie kitu kitakachomfanya akuulize. Mzee huyu habembelezwi, hupewa kazi.

Kula vizuri.

Mama


3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sikuandikii kuomba radhi, maana nimeona kazi ni bora kuliko radhi. Nimeletewa kazi inayonizidi.

Jumatatu aliingia mama mmoja ambaye hapa wote sasa tunamwita Mpishi. Miaka thelathini na moja amepika katika jiko la hospitali, vyungu vya kulisha wagonjwa mia tatu, na muda wote huo kucha zake zilikatazwa rangi kwa sababu ya usafi wa chakula. Amestaafu mwezi uliopita. Alikaa mbele yangu akaweka mikono mezani kama mtu anayeweka mzigo. Mikono mipana, kucha fupi, safi kama vijiko. Nikamwuliza anataka ua gani.

"Sitaki ua," akasema. "Nataka kwetu."

Kwetu kwake hakupo, Baba. Ni lile bonde lililofunikwa na bwawa, ambalo mto wake una mikunjo mitatu. Walihamishwa akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ana dada mkubwa, wamebaki wawili tu, na huyo dada amepotewa na kumbukumbu. Ukimpa picha anaisukuma. Ukimpa karatasi anaisukuma. Lakini mkono akiushika haachi. Anatazama kidole kimoja kimoja kama anahesabu. Mpishi ataenda kumwona mwisho wa Mei. Anataka dada yake ashike mikono hiyo aone bonde.

Nilimwambia hakuna bamba lenye mchoro huo duniani. Akasema, "Si mnachonga?" Ni kweli, mtaa wa pili yuko mchonga mihuri, anaweza kuchimba bamba lolote akipewa mchoro. Mchoro ndio sina.

Mama aliwahi kuniambia kwamba kazi yako kubwa ya kwanza ilikuwa bonde hilo. Nilipokuuliza, nikiwa darasa la tano, ulizima redio ukatoka nje. Sijui nilikosea nini, na sitauliza mara ya pili. Ninauliza tu: ile karatasi iko wapi?

Wino


11 Aprili

Wino,

Karatasi hiyo haipo. Bonde limefunikwa, na ramani yake ilibadilishwa. Mwambie mteja achague ua.

Baba yako

(Nyuma ya bahasha, kwa penseli:)
Ipo. Usijibu. Ngoja. – Mama


26 Aprili

Wino,

Nilikudanganya. Karatasi ipo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Tulilipima bonde lile kwa miezi minne, na mimi nikalichora kwa miezi mitatu. Nyumba zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Nyumba moja, kimraba kimoja cheusi. Niliweka njia za mbuzi. Niliweka mahali pa kuvukia mto. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya kabla au baada.

Mkuu wa ofisi akaja akasema bwawa limepitishwa, karatasi mpya inatakiwa, na wa kuirekebisha ni yule yule aliyechora. Wino wa karatasi angavu haufutwi kwa raba. Unakwanguliwa kwa wembe, taratibu, usije ukatoboa. Nilikwangua nyumba mia moja na kumi na mbili. Siku sita. Siku ya saba niligeuza karatasi nikapaka bluu kwa nyuma, bonde zima, sawasawa, bila doa. Mkuu aliwaita wenzangu waje kujifunza jinsi maji yanavyopakwa.

Watu walikuwa bado wanaishi mle. Mchana ule nilipokuwa napaka, walikuwa wanapika.

Kabla ya kuanza na wembe nilikuwa nimechukua nakala. Imekaa chini ya kitanda miaka arobaini na moja. Nilidhani mama yako hajui.

Ulipoacha chuo nilikuambia unaikimbia kazi ya heshima. Nilipiga kelele sana siku ile. Mtu mwenye hakika hapigi kelele namna ile.

Katika kifurushi hiki utakuta karatasi kumi. Nimeligawa bonde vipande kumi, kipande kimoja kwa kidole. Mteja akilaza mikono miwili mezani, magumba yakigusana, mto utaingia kwenye kidole kidogo cha kushoto na kutoka kwenye kidole kidogo cha kulia. Kijiji kiko kwenye magumba, penye nafasi. Nimechora vikubwa, huyo mchonga mihuri avipunguze. Nyumba zote hazikuingia. Nimeweka kumi na tisa.

Ukucha una mteremko pande mbili. Nimejaribu juu ya gumba la mama yako kwa karatasi laini, akacheka hadi nikaacha. Bonyeza katikati kwanza, kisha uviringishe kuelekea kando, ndipo hautakunjamana.

Bluu uitumie mtoni tu. Isivuke ukingo hata kwa unywele.

Usimtajie mteja jina langu.

Baba yako


15 Mei

Baba,

Shikamoo.

Karatasi zako nilizitandaza kwenye meza ya saluni asubuhi kabla hatujafungua, na mwenye saluni, mwanamke ambaye hajawahi kusifia kitu chochote zaidi ya chai, alizizunguka mara mbili akasema, "Mtu huyu ana jicho la mwewe." Mchonga mihuri aliomba akae nazo siku moja zaidi azitazame tu. Aliporudisha bamba la chuma, nililigeuza kwenye mwanga nikaona mbuzi wako wana njia hadi kwenye chuma.

Jana ndiyo siku tuliyofanya. Mpishi alifika saa mbili asubuhi, tukamaliza saa nane mchana. Nilimpaka jeli ya rangi ya mchanga kwanza, nikaikausha kwa taa. Kisha nikaanza na kidole kidogo cha kushoto, nikapiga chapa juu ya muhuri, nikakauka mimi mwenyewe kabla mchoro haujakauka. Mashamba kijani, njia kahawia, mto bluu. Tabaka lile jembamba juu yake. Kubonyeza katikati, kuviringisha kando kama ulivyosema. Hakikukunjamana hata kimoja.

Kwenye gumba la kulia nilikosea. Ulinionya na bado nilikosea. Nilijua mto unapita upande wa kulia wa kijiji, basi nikapaka bluu pale ninapopajua badala ya pale ninapopaona, na bluu ikaingia kwenye nyumba nne. Ilikuwa bado kwenye muhuri, haijafika kwake. Mpishi aliona uso wangu. "Vipi?" akauliza. Nikasema, "Maji yameingia kijijini, mama." Nilikuwa nimeisahau ile barua yako wakati huo, naapa, maneno yalitoka yenyewe. Yeye akaitazama ile bluu kwa muda, akasema, "Basi yatoe."

Nikaifuta, Baba. Nikasafisha muhuri, nikapiga chapa upya, na nyumba zote nne zikarudi palepale, nyeusi, kavu. Kufuta rangi kwenye muhuri ni kitu ninachofanya mara ishirini kwa siku. Lakini nyumba zikarudi, mbele ya macho yake na yangu.

Nilipomaliza jeli ya juu na kuikausha, nikamwambia aweke mikono mezani, magumba yagusane. Akaweka. Wateja waliokuwa wakisubiri walisimama wote nyuma yake. Mto uliingia kushoto, ukakunja mara tatu, ukapita kijijini, ukatoka kulia. Mpishi akatenganisha mikono kidogo, bonde likafunguka katikati; akairudisha, likajifunga. Alifanya hivyo mara nyingi sana. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliye kanisani au msikitini, "Tulikuwa tunavukia hapa. Hapa hapa. Nani alijua kwamba tulikuwa tunavukia hapa?"

Nikasema, baba yangu.

Najua ulinikataza. Ya wembe sikusema, hayo si yangu kuyasema. Lakini nisingeweza kukaa mbele ya uso ule nikajibu sijui.

Anaenda kwa dada yake Jumamosi ya tarehe 30. Kumbe dada huyo anaishi mji wenu, upande wa shule ya ufundi. Mpishi anauliza kama utakubali kwenda naye. Mimi Jumamosi ninashinda na wateja. Itabidi uende peke yako.

Wino


1 Juni

Mwanangu Wino,

Nilienda.

Nitakuandikia kwa utaratibu, maana nikiandika kama ninavyojisikia hutaelewa kitu.

Mpishi alinikuta langoni kwetu saa nne. Mama yako alimkaribisha ndani, naye akanyoosha mikono kusalimia, ndipo nikaziona kucha. Nilitoa lensi hapo hapo mlangoni, bila adabu. Wino, nimekaa na ramani maisha yangu yote, na nimeona kazi za watu walionishinda. Sijawahi kuona bonde likiwa na joto la mwili. Mstari wa ukingo wa mto kwenye kidole cha kati cha kulia ni mwembamba kuliko nilivyouchora mimi, na bluu yako imeufuata hadi mwisho bila kuuvuka. Nilirudia kidole hicho mara tatu kutafuta kosa. Mama yako akaniambia nimwachie mgeni mkono wake akae. Wewe ni mchoraji. Nilipaswa kukuambia hivyo miaka mitatu iliyopita, na nilipaswa kukuambia kwa mdomo.

Dada mkubwa hukaa kwenye kiti karibu na dirisha. Ni mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimebeba ile nakala ndani ya bomba la kubebea ramani, nikaifungua kumwonyesha, akaisukuma kama ulivyosema. Kisha Mpishi akapiga magoti mbele yake na kumwekea mikono mapajani.

Aliishika. Alianza kidole kidogo cha kushoto, akapapasa ukucha kwa kidole chake, akaenda unaofuata. Alikuwa akiufuata mto. Nilimwona kwa macho yangu akikunja pale mto unapokunja. Alipofika magumbani akaanza kutaja majina ya watu. Nyumba moja, jina moja. "Huyu alikuwa na jogoo mkorofi. Hawa walikuwa mapacha. Huyu alikuwa haazimi mchi." Vile vimraba vyangu, Wino. Miaka arobaini na moja vilikuwa vimraba. Mpishi alinitazama machozi yanamtiririka, akaninong'oneza kwamba dada yake hajataja jina la mtu tangu mvua za mwaka juzi.

Halafu akasimama kwenye gumba la kulia. Akakunja uso.

"Kisima kiko wapi?"

Niliinama na lensi. Kisima kilikuwepo, kiduara, ng'ambo ya njia. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Sicho," akasema. "Kisima kilikuwa nyuma ya jiko letu. Nani kakivusha njia?"

"Mimi, mama," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyechora. Na baadaye mimi ndiye niliyezikwangua nyumba zenu zote kwa wembe, kabla hamjahama, nikapaka maji juu yake."

Nilikuwa nimejiandaa kulisema hilo tangu Aprili, kwa maneno mengi mazuri. Likatoka hivyo, kavu. Mpishi akageuka kunitazama. Dada mkubwa akaninyanyulia uso, akanitazama muda mrefu, kiatu hadi mvi.

"Wewe ni yule kijana wa miguu mitatu," akasema.

Darubini yetu ya kupimia ilikuwa inasimama juu ya miguu mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiibeba begani.

"Ulikuja jikoni kwetu na kiu," akasema. "Nikakupa maji, kata mbili. Umekunywa maji ya kisima chetu halafu umesahau kilipo?" Akacheka. Alicheka kicheko cha msichana, hadi kitambaa kikateleza, na Mpishi akacheka huku analia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa kiti.

La wembe hakulijibu. Sijui kama alilisikia. Mpishi alilisikia, tulipotoka nje aliniambia, "Hilo tutaongea mimi na wewe, mzee, lakini siyo leo." Nimekubali. Ana haki ya siku anayoitaka.

Kipande cha gumba la kulia kichongwe upya. Nimekuwekea mchoro humu, na umpe mchonga mihuri salamu zangu. Alhamisi nitaenda kwa wenzangu na lensi yangu, nina la kuwaambia.

Nimebakiza jambo moja. Kabla hatujaondoka niliikunjua tena nakala, juu ya meza ndogo iliyo mbele yake, na safari hii hakuisukuma, kwa kuwa Mpishi alikuwa ameweka mkono wake juu yake. Nikatoa wembe. Nikakikwangua kile kisima, taratibu, karatasi isije ikatoboka mahali. Nikachovya kalamu, nikamwuliza hapa? Akasema sogea. Hapa? Sogea kidogo, kijana. Nikasogea hadi kidole chake kikatulia, nikachora kiduara pale pale kwenye ncha ya ukucha wake.

Akainama akakitazama mpaka wino ukakauka.

"Haya," akasema. "Sasa maji yako karibu."

Baba yako